Uliza Mwalimu: Galileo, radi, kibla na mengine mliyoniletea

Mwezi huu maswali ya mbolea na ya mitihani yatanisubiri. Zimekuja barua na meseji nyingi zinazozunguka kitu kimoja, dini na sayansi zinagombana tangu lini na nani alianza, na kwa jinsi mlivyoandika naona kuna watu wamenuniana kabisa huko majumbani. Nimechagua chache. Majina nimeyaacha, nimeweka mnakotoka tu, na barua ndefu nimezipunguza.

Shikamoo Mwalimu. Mimi nasoma kidato cha tano PCB (fizikia, kemia na biolojia) hapa Iringa. Tuna mdahalo shuleni, mada inasema "Dini siku zote imekuwa adui wa sayansi". Mi nimepangwa upande wa kupinga na wenzangu wa upande ule wanatamba kwamba wameshashinda, kwa sababu Galileo alichomwa moto na Kanisa kwa kusema dunia ni mviringo. Niwajibu nini?

Marahaba mwanangu. Hao wenzako wamekurahisishia kazi, manake sentensi moja wameijaza makosa mawili.

Galileo hakuchomwa. Alifia nyumbani kwake Arcetri, jirani na Florence, mwaka 1642, mzee wa miaka 77, kipofu, yuko kwenye kifungo cha nyumbani. Aliyechomwa ni mwingine, Giordano Bruno, aliyekuwa mtawa wa Kidominiko, Roma mwaka 1600, na mashtaka yake mengi yalikuwa ya imani, Utatu, ubikira wa Maria, mambo ya ekaristi, ingawa na habari zake za kwamba kuna dunia nyingi zisizohesabika nazo zilikuwamo. Kumchoma mtu ni unyama hata iwe kwa sababu gani, ila marehemu tusiwachanganye.

La pili, umbo la dunia halikuwa ugomvi kabisa. Eratosthenes alishapima mzingo wa dunia kwa kutumia kivuli zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, na vyuo vya Ulaya vya karne ya 13, ambako walimu wengi walikuwa mapadri na watawa, vilikuwa vinafundisha kuwa dunia ni mviringo. Waligombana kuhusu nani anamzunguka nani, jua au dunia.

Na hapo ndo pana utamu. Aliyeandika kwamba dunia inalizunguka jua ni Copernicus, mtu wa Kanisa huyo, alikuwa mmoja wa makanoni, yaani wasimamizi, wa kanisa kuu la Frombork huko Poland, na kitabu chake cha mwaka 1543 alikiandikia maneno ya heshima kwa Papa Paulo III. Zaidi ya miaka 70 kikasomwa bila kufungiwa. Mwaka 1610 Galileo anatangaza kwamba kwa darubini ameona miezi minne inaizunguka Jupita, na Wajesuti wa Roma nao wakatafuta darubini zao, wakaangalia, wakasema ni kweli, wakamfanyia na sherehe. Sasa ilikuwaje mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kikafungiwa "mpaka kirekebishwe"?

Kwanza ushahidi ulikuwa bado haujatosha. Nyoosha kidole mbele ya uso, funga jicho hili halafu lile, utaona kidole kinahama kwa vitu vya nyuma yake. Kama dunia inahama basi na nyota za karibu zinatakiwa zionekane zinahama hivyo, na hakuna aliyeona hicho kitu mpaka mtaalamu wa nyota Bessel alipokipima mwaka 1838, yaani miaka karibu 200 baada ya Galileo kufa. Hoja ambayo Galileo mwenyewe aliipenda kuliko zote ilikuwa kwamba kupwa na kujaa kwa bahari kunaletwa na mwendo wa dunia, na haikuwa sahihi, Kepler, mtaalamu wa nyota mwenzake, alishasema ni mwezi na Galileo akamcheka. Pili zilikuwa ni zama za Wakatoliki na Waprotestanti kushikana mashati Ulaya nzima, mtu asiye padri kuanza kuwaambia maaskofu namna ya kusoma Biblia kulikuwa ni kuchokoza nyuki. Tatu, ujeuri wa Galileo. Papa Urbano VIII alikuwa rafiki yake, na katika kitabu cha mwaka 1632 hoja aliyoipenda Papa ikawekwa kwenye mdomo wa mhusika mjinga mjinga anayeitwa Simplicio. We fikiria mwenyewe.

Lakini mwanangu usije ukasimama pale mbele ukaanza kuwatetea waliomhukumu, utapoteza ukumbi mzima na utastahili. Mwaka 1633 walimtishia mateso mzee wa miaka 69, wakampigisha magoti aikane kazi yake, na kitabu kikaendelea kuwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa, kikaja kutolewa mwaka 1835. Papa Yohane Paulo II akakiri makosa hadharani mwaka 1992. Yakubali yote hayo dakika ya kwanza kabla hawajakutupia, halafu washike kwenye "siku zote", manake huna haja ya kuonesha kwamba dini haijawahi kukosea, wao ndo wana mzigo wa kuonesha kwamba haijawahi kuacha.

Tena we unasoma PCB, zile njegere mnazokokotoa tatu kwa moja kwenye mada ya urithi ni za Mendel, mtawa wa Kiagustino, alizipanda kwenye bustani ya monasteri huko Brno akasoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, na dunia ikaja kushtuka mwaka 1900. Miaka 35! Na waliompuuza muda wote huo hawakuwa maaskofu, walikuwa wanasayansi wenzake.

Wakikuuliza basi hii hadithi ya vita imetoka wapi, waambie imepigiwa debe sana na vitabu viwili vya Marekani, cha Draper mwaka 1874 na cha White mwaka 1896. Huyu White alianzisha chuo kikuu cha Cornell kisiwe cha dhehebu lolote, wachungaji wakamshukia kila kona, na ye akajibu kwa kuandika historia. Ina mambo mengi ya kweli ila imeandikwa na mtu mwenye kidonda.

Mwalimu habari za siku. Mimi ni mama mkulima huku Tukuyu. Msimu uliopita radi iliua ng'ombe watatu wa jirani yangu waliokuwa chini ya mti, yeye mwenyewe alikuwa hatua chache tu na hakupata kitu. Maneno yakaanza, wengine wanasema radi ya kutumwa, mchungaji anasema tufunge na kuomba. Mwalimu mkuu alipotaka kuweka kinga radi pale shule ya msingi, wazee kwenye kikao wakakataa, ati chuma kinaita radi na kitafukuza mvua. Wewe unasemaje?

Ndaga fijo mama, nzuri. Pole kwa jirani.

Nianze na ng'ombe manake hapo ndo uchawi unapoingilia. Radi ikipiga mti umeme hauishii kwenye shina, unashuka na kutawanyika ardhini, na kadiri unavyoachana na mti nguvu inapungua. Ng'ombe miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana, kwa hiyo umeme unaingia huku na kutokea kule, na katikati ya safari kuna moyo. Mtu amesimama miguu karibu karibu, tena yuko mbali kidogo, anaweza asisikie kitu au akaangushwa tu akainuka. Hakuna aliyemchagua ng'ombe akamwacha mwenye ng'ombe, kilichochagua ni upana wa hatua.

Sasa hao wazee wenu wa kwenye kikao. Kulikuwa na padri Mkatoliki anaitwa Prokop Diviš, parokia yake ilikuwa Přímětice, huko Moravia, ndiyo, Moravia hiyohiyo lilikotoka jina la kanisa lenu kubwa hapo Rungwe. Alikuwa anapenda mambo ya umeme, na mwaka 1754 akasimamisha mlingoti mrefu wenye vyuma vingi vya ncha kali, ameufunga kwa minyororo mpaka ardhini. Benjamin Franklin kule Marekani alikuwa ameshafanya jaribio lake la radi mwaka 1752, ila padri alifuata njia yake. Ikafika miaka michache mbele ukaja ukame, wanakijiji wakasema mlingoti wa padri ndo umefukuza mawingu, wakaenda wakaung'oa. Padri anataka sayansi, waumini hawataki! Kwa hiyo mama hao wazee msiwaone washamba, hoja yao imeshatolewa Ulaya na watu wenye hofu ileile ya njaa.

Boston nako, mwaka 1755 tetemeko likapiga, mchungaji mmoja mkubwa wa mjini akasema labda hizi fimbo za Franklin za kukinga radi ndo zinaujaza umeme ardhini, na profesa wa Harvard akamjibu kwa maandishi. Walijibizana tu, hakuna aliyepelekwa mahakamani.

Lakini kuna upande wa pili ambao mchungaji wako inafaa ausikie. Ulaya ilikuwa desturi radi ikianza mtu anapanda mnarani kupiga kengele ya kanisa ili kuifukuza. Fikiria, mnara ndo kitu kirefu kuliko vyote kijijini, juu kuna kengele ya chuma, chini kuna mtu ameshika kamba iliyolowa. Kitabu kimoja kilichotoka Munich mwaka 1784 kilihesabu wapiga kengele zaidi ya 100 waliouawa ndani ya miaka 33. Mnara wa Mtakatifu Marko kule Venice ulikuwa umepigwa na radi mara kadhaa, wakauwekea fimbo mwaka 1776. Nyumba ya Mungu yenyewe ikavaa chuma na hakuna aliyesema imani imekwisha.

Kwa hiyo ombeni, na waya muweke. Chuma hakiiti radi kutoka mbali, ingekuja tu kwenye kitu kirefu kilichopo, iwe paa au mti wa mwalimu mkuu, kinachofanya ni kuipa njia ya kushukia kama mfereji unavyoyapa maji njia yasipite ndani ya nyumba. Ila kinga ambayo haikufika ardhini vizuri ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, waya uwe mnene, ushuke moja kwa moja bila kukunjwa kunjwa, ufukiwe kwenye udongo wenye unyevu, na kazi aifanye mtu anayeijua. Na wezi wa kopa mnawajua, chaneli ya kuukinga waya kwa chini iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Watoto wakae ndani mvua ya radi ikianza, wasikae chini ya mti wala kushika uzio wa waya.

Assalaam aleykum Mwalimu. Mi ni fundi, tunajenga msikiti mdogo huku pembeni ya Mbeya mjini. Kibla kimeleta mzozo, vijana wanatumia simu na kila simu inasema lake, mzee mmoja anasema tufuate msikiti wa zamani. Hivi kabla ya simu watu walikuwa wanakipataje?

Waaleykum salaam fundi. Swali lako hili limewalisha wanahisabati kwa karne nyingi, sitanii.

Mwislamu anahitaji kujua Makka iko upande gani hata awe wapi, anahitaji saa za swala tano zinazobadilika na jua, na anahitaji mwezi mwandamo. Ukijumlisha yote hayo umepata mtu anayelazimika kuijua anga. Al-Biruni, huyu ni wa miaka ya 1000 na kitu, aliandika kitabu kizima cha namna ya kupata mahali mji ulipo juu ya uso wa dunia, na moja ya shida alizotaka kuzimaliza ni kibla cha mji wa Ghazna, Afghanistan ya leo. Ile hesabu ya pembetatu zilizochorwa juu ya tufe ilikuzwa sana na watu wa aina yake. Baadaye misikiti mikubwa ikawa inaajiri mtu kabisa wa kazi hiyo, anaitwa muwaqqit, mtunza nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa msikiti wa Umayya pale Damascus, akafariki mwaka 1375, na mahesabu yake ya mwendo wa mwezi yanafanana na ya Copernicus aliyekuja zaidi ya miaka 100 baadaye, mpaka leo wanahistoria wanajadili yalisafirije. Mwenzake wa mji huohuo, al-Khalili, alitengeneza jedwali la kibla, unaingiza latitudo na longitudo unapata digrii. Hiyo ilikuwa ndo programu ya simu ya karne ya 14.

Sio kwamba kote kulikuwa shwari. Istanbul walijenga kituo kikubwa cha kutazamia nyota mwaka 1577, chini ya Taqi al-Din, na mwaka 1580 Sultani akaamuru kivunjwe. Wapo wanaosema ni wanazuoni wa dini, wapo wanaosema ni siasa za ikulu, mi naona vilishikana mikono.

Sasa turudi saiti. Simu zenu zinapishana kwa sababu ndani yake kuna kidude kinachohisi sumaku, na nyinyi mmeisimamisha katikati ya nondo, mabati na toroli. Ondokeni hapo, nendeni uwanjani. Ila kuna njia isiyohitaji simu wala bando. Mara mbili kwa mwaka jua la mchana linasimama sawasawa juu ya utosi wa Makka, tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana, na bahati nzuri saa ya Makka na saa yetu ni moja. Chomeka mti ulionyooka kabisa, upime kwa timazi, ukifika muda huo angalia kivuli. Kwa hapa Mbeya mti wa mita 1 utatoa kivuli cha kama sentimita 60. Piga mstari toka ncha ya kivuli kuja kwenye mti, huko mstari unakoelekea ndo kibla. Utaona kiko kaskazini, kimeegemea mashariki kama digrii 12. Julai huku kwetu baridi inauma lakini anga ni safi, hutakosa jua. Mwalikeni na yule mzee asimame pale mti ukitoa kivuli, inawezekana msikiti wake wa zamani ulipimwa vizuri tu.

Mwalimu kwani wewe unasali wapi? (Msomaji, Uyole)

Nasali. Wapi, ni kati yangu na jirani zangu.

Mwalimu, kijana wetu karudi likizo toka chuo anasema ulimwengu ulianza kwa mlipuko. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Makambako, nimemwambia hayo ni mafundisho ya wasioamini Mungu na asiyalete mezani kwangu. Nimekosea?

Shikamoo mzee wangu. Mezani ni kwako, siingilii, ila hapo kwenye "wasioamini Mungu" naomba niseme.

Aliyeleta wazo hilo ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, padri Mkatoliki na mwanafizikia, mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka, mwaka 1931 akaongeza kwamba ukirudi nyuma kabisa unafika kwenye kitu kimoja kidogo kilichosongamana ambacho yote yametokea humo. Na aliyelipinga kwa nguvu zote ni Fred Hoyle, Mwingereza, asiyeamini Mungu, aliona linanukia kanisani, limekaa kama kitabu cha Mwanzo. Ndo yeye aliyelipachika lile jina la mlipuko redioni mwaka 1949, na yeye mwenyewe alikuwa halikubali.

Kuna kingine nakipenda zaidi. Mwaka 1951 Papa Pio XII alitoa hotuba akaonesha kama sayansi sasa imethibitisha uumbaji. Ungetegemea padri Lemaître apige makofi, lakini hakufurahi hata kidogo, aliona nadharia inasimama au inaanguka kwa vipimo na sio vizuri kuifunga kwenye imani, kesho vipimo vikibadilika imani utaiweka wapi? Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba wamenasa mabaki ya joto la mwanzo ule, akaletewa habari akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1966.

Mrudishe kijana mezani mzee, umuulize vipimo.

Mwalimu mimi ni nesi zahanati ya huku Chunya. Kuna akina mama wameacha kuleta watoto chanjo kwa sababu mhubiri mmoja kawaambia ni za shetani. Nimechoka na hawa watu wa dini, hivi wamewahi kusaidia lolote kwenye chanjo?

Dada nesi pole na kazi, na hasira yako naielewa.

Boston, Marekani, mwaka 1721, ndui inaua. Mchungaji mmoja anaitwa Cotton Mather alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyepewa jina la Onesimus. Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui, akajibu amewahi na hajawahi, akaeleza kwamba kwao Afrika walimchanja mkononi wakampaka usaha kidogo wa mgonjwa, akaugua kidogo na hakuugua tena, akaonesha na kovu. Mather akalichukua jambo hilo akawaandikia madaktari wa mji. Wakamkatalia karibu wote! Mkali kuliko wote ni yule pekee mwenye digrii ya udaktari, na moja ya hoja zao ni kwamba mambo ya Waafrika sio ya kufuatwa. Aliyekubali ni mmoja, Boylston, akaanza na mtoto wake mwenyewe. Wachungaji wenzake Mather wakasimama naye, wananchi wakakasirika mpaka mtu akarusha bomu dirishani kwa mchungaji, kwa bahati halikulipuka. Mwisho wakahesabu, waliougua wenyewe walikufa kama 14 kwa kila 100, waliochanjwa kama 2. Chanjo salama zaidi, ya kutumia ndui ya ng'ombe, ilikuja na Jenner mwaka 1796, na ndui ikatangazwa kufutwa duniani mwaka 1980.

Na kabla hujampenda sana Mather, ujue ndo huyohuyo aliyeunga mkono kesi za wachawi za Salem mwaka 1692, watu wakanyongwa. Kichwa kimoja kilibeba vyote viwili. Ndiyo maana mi sisemi "watu wa dini" kama vile ni mtu mmoja.

Huyo mhubiri wako usibishane naye mbele ya akina mama, hatakubali kushindwa hadharani. Tafuta mchungaji, padri au shehe mwingine anayeheshimika hapo, mwenye wajukuu ikiwezekana, awalete wajukuu wachanjwe siku ya kliniki watu wakiona.

Wamisionari huku kwetu walileta dini tu, au na sayansi? (Kijana, Matamba, Makete)

Vyote, na wengine walichukua pia. We uko jirani na Kitulo, ile watu wanaiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Kuna kundi zima la okidi ndogo ndogo za kwenye miti na miamba linaitwa Stolzia, limepewa jina hilo mwaka 1915 kwa heshima ya Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyekuwa Kyimbila, Tukuyu, ambaye kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia alikusanya mimea mingi sana ya Rungwe na milima ya jirani akaipeleka Ujerumani. Mpaka leo mtu anayesoma mimea ya nyanda zetu anakutana na jina lake kila mahali. Kazi ilikuwa nzuri, ila jina likabaki la mgeni.

Kwa kipunji mambo yalienda tofauti. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamtaja nyani huyo kwa watafiti, na watafiti mwanzoni hawakujua washike lipi, manake simulizi za Kinyakyusa zina wanyama wa kweli na wa kiroho pamoja. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho, mwaka 2005 akatangazwa, na mwaka 2006 akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani aliye hai wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina la spishi ni kipunji, walivyomwita wenyeji.

Maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili. Nenda ukatembee, na hao wanaokutuma chikanda, vile viazi vya okidi vinavyoliwa, za kuuza Zambia waambie hapana, kila kiazi kinachochimbwa ni okidi nzima imekufa.